Shangazi ana kansa, nyumbani wametenga kikombe chake. Hivi inaambukiza?

Mwana_Muheza: Wakuu habari za mchana. Shangazi yangu ana kansa ya titi, juzi majibu yametoka daktari akasema "imeshasambaa mpaka kwenye mifupa", basi hilo neno kusambaa ndo limeleta balaa, mama mkubwa katenga kikombe chake kile cha bluu kakifunga uzi mweusi kwenye kishikio, watoto wameambiwa wasilale nae. Shangazi anaona ila hasemi kitu. Nataka kuwajibu wazee ila hoja sina.

MzeeWaMaabara: Pole sana mkuu. Haiambukizi, hicho kikombe kirudi leo leo. Kusambaa alikosema daktari ni humohumo mwilini mwake, seli zinachomoka kwenye uvimbe zinapita kwenye damu au mishipa ya limfu, nyingi zinafia njiani, chache zinapata pa kuota. Mwaka 1889 Mwingereza mmoja Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa na kansa ya titi akaona haiangukii popote tu, akasema ni kama mbegu, inarushwa kote ila inaota kwenye udongo unaoikubali. Ya titi inapenda mifupa, mapafu, ini na ubongo. Sahani haimo.

Nyakato_tena: Sawa ila tusichanganye mambo, kansa haiambukizi lakini baadhi ya vidudu vinavyoileta vinaambukiza, kirusi cha HPV kwa kansa ya mlango wa kizazi, kirusi cha hepataitisi B kwa kansa ya ini. Someni habari ya Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago Uganda, aliona watoto wamevimba mataya kwa kansa, 1961 akapanda gari lililotumika na wenzake wawili toka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali wanauliza huku mnauona huu uvimbe? Ramani ikaja kufanana na ya malaria!! Sampuli za uvimbe zikawa zinapelekwa London kwa mtafiti Epstein, siku moja ukungu ukaishusha ndege Manchester, chupa inafika maji yamechafuka wakadhani imeoza, kumbe seli hai zinaelea. 1964 kirusi walichokikuta kwenye seli hizo kikatangazwa, kinaitwa EBV. Na hicho karibu kila mtu anacho, wachache mno ndo wanapata kansa.

kijiko_cha_chai: Kumbe ufuatiliaji wa magonjwa ulikuwa mtu na gari lake bovu 😂

Mwana_Muheza: Asanteni. Nimemsomea mama mkubwa ile ya mbegu na udongo, mkulima yule, akanyamaza kidogo akauliza "kwa hiyo shamba langu mbali na lake?" Nikamwambia ndiyo. Jioni kikombe kimerudi kabatini na vingine, ila uzi bado haujafunguliwa.