Mdogo wangu ameshtakiwa kwa kughushi sahihi ya baba: tujitetee vipi?

Mkaakibosho:
Wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Baba yetu, mkazi wa Kibosho, alipatwa na kiharusi kilichoupooza mkono wake wa kulia, ingawa akili yake ni timamu hadi leo. Alipoamua kuuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, ili alipie matibabu, alimwagiza mdogo wangu amsainie mkataba, naye akaiiga sahihi ya mzee mbele ya mnunuzi na balozi wa nyumba kumi. Sasa kaka yetu wa mama mwingine amefungua jalada polisi mjini Moshi, na kijana ameshtakiwa. Adhabu yake ni ipi, na ana utetezi gani?

Wakili Mstaafu:
Poleni. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Adhabu ya jumla haizidi kifungo cha miaka 7, lakini nyaraka ikihesabiwa kuwa hati ya umiliki wa ardhi, sheria inaruhusu hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo someni hati ya mashtaka mjue ni kifungu gani kimetajwa. Anayewasilisha nyaraka huku akijua kuwa ni ya uongo huadhibiwa sawa na aliyeighushi.

Sheria hiyo hiyo inasema kusaini kwa jina la mtu mwingine ni kughushi inapofanywa bila idhini yake. Mwenye kutoa idhini yuko hai, basi mnatafuta shahidi gani mwingine? Mtaalamu wa maandishi asiwaumize kichwa, maana atathibitisha jambo ambalo kijana halikatai. Mtakapobanwa ni hapa: kwa nini aliiga sahihi, wakati mzee angeweza kuweka dole gumba?

Mama Tarakea:
Si mwandike hati ya uwakilishi, ile ya mzee kumruhusu kijana asaini kwa niaba yake, yenye tarehe ya nyuma, yaishe?

Wakili Mstaafu:
La hasha, mama. Hilo litakuwa kosa jipya, tena hati ya uwakilishi, kama hati ya umiliki wa ardhi, imo katika nyaraka ambazo kuzighushi adhabu yake hufika kifungo cha maisha, na safari hii mzee mwenyewe atapandishwa kizimbani.

Mpare wa Mjini:
Naongezea kwamba kosa hili lina dhamana. Kusanyeni stakabadhi za hospitali, kwa sababu fedha zikionekana zilimtibu baba, nia ya kulaghai itakuwa ngumu kuthibitishwa, na mzigo wa kuithibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Kama hamna fedha za wakili, ombeni msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mkaakibosho:
Nashukuru sana. Stakabadhi zipo, balozi nitamfuata kesho.