Karatasi ya mhusika ya kuchora kwa mkono: A4 nzima, kijitabu cha A5 au kadi ya lamineti?

mchoraji_chumbageni
Wadau, habari za jioni. Naandika kitabu-mchezo, zile hadithi ambazo msomaji mwenyewe ndiye shujaa: anamaliza aya anaambiwa ukiingia pangoni nenda 112, ukirudi ufukweni nenda 47. Hadithi inaenda vizuri. Kanuni nimezichukua kwenye mtindo wa Fighting Fantasy, vitabu vya Steve Jackson na Ian Livingstone vilivyoanza Uingereza mwaka 1982, kwa sababu ni nyepesi na dadu mbili za ludo zinatosha. Shujaa anaanza na tarakimu tatu za kurushia dadu: Ustadi ni dadu moja jumlisha 6, Bahati vivyo hivyo, Nguvu ni dadu mbili jumlisha 12. Jeraha la kawaida linakula Nguvu 2. Ukijaribu Bahati inapungua 1, ufaulu usifaulu.

Kilichobaki ni karatasi ya mhusika, ile msomaji anayoandikia tarakimu za shujaa wake. Picha zote za kitabu ni za wino, kwa hiyo jedwali la kompyuta katikati yake litakaa kama koti la mvua harusini. Nataka niichore kwa mkono, watu watoe fotokopi. Nimekwama kwenye umbo. Ya kwanza ni A4 upande mmoja, kila kitu machoni. Ya pili ni A4 hiyohiyo ikunjwe iwe kijitabu cha kurasa nne za A5: jalada lenye picha, ndani tarakimu na mapigano, nyuma mkoba, yaani vitu anavyobeba shujaa. Ya tatu ni kadi ya manila ya A5 iliyopigwa lamineti, unaandika kwa maka ya ubao mweupe na kufuta. Mimi naegemea A4, maana nina joka la baharini zuri sana la kuzungushia ukurasa mzima. Mnasemaje?

DaduSita
Mkuu, weka joka pembeni kwanza, uangalie raba inapita wapi. Ustadi haubadiliki mara nyingi. Bahati kwa kawaida inashuka tu. Nguvu ndiyo inapanda na kushuka usiku kucha: umepigwa, umekula, umepigwa tena. Ukichora kisanduku cha sentimita moja cha Nguvu kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, mapambano machache tu kinaota manyoya, kisha kinatoboka, na tarakimu ya juzi bado inaonekana chini ya ya leo. Mtu anabaki kubishana na karatasi yake kama ana 11 au 17.

Mimi huchora miduara. Kanuni zako zimeshakupa idadi: dadu mbili jumlisha 12 haiwezi kuzidi 24, dadu moja jumlisha 6 haizidi 12. Basi miduara 24 ya Nguvu na 12 ya Bahati, unakata kimoja kimoja. Na kwa kuwa jeraha ni 2, ipange wawili wawili, mkono unakata jozi bila kuhesabu. Hiyo inaingia popote, A4 au A5.

bi_penseli_msa
DaduSita, hapo kwenye raba tuko pamoja, ila jozi zitakuangusha. Kwa kanuni hizo mchezaji anaruhusiwa kutumia Bahati katikati ya pambano. Amejeruhiwa akabahatika, anapoteza 1 badala ya 2. Asipobahatika anapoteza 3. Jozi zako zimeshavurugika. Halafu chakula kinarudisha Nguvu 4. Mduara uliokatwa kwa kalamu ya wino utaufungua vipi?

Kwa Bahati sawa, miduara ni mizuri mno, maana kupanda kwake ni kwa nadra. Kwa Nguvu mimi natumia klipu ya karatasi. Unachora vipimo ukingoni, 0 hadi 24, klipu inateleza juu na chini, hakuna kufuta hata mara moja. Upande mrefu wa A5 una milimita 210. Nafasi 24 za milimita 8 ni 192, inaingia na kubakiza pumzi juu na chini. Ndiyo sababu nakushauri kijitabu, ndugu yangu: vipimo viwe kwenye ukingo ulio wazi, mkabala na mkunjo, klipu ibane jani moja tu. Mchezo ukisimama, andika tarakimu kwa penseli kabla ya kufunga, kwa sababu klipu ikidondoka ndani ya mkoba wa shule Nguvu zako zimekwenda nayo.

Kingine, usisahau kisanduku cha kiwango cha kuanzia. Nguvu hazitakiwi kuzidi zile ulizoanza nazo isipokuwa kitabu kiseme, kwa hiyo lazima pawe na mahali pa tarakimu isiyofutwa. Kiwe kidogo, na mstari mnene, mtu aone kwamba hapa haandikwi mara mbili.

kobe_wa_mapango
Nyote mnazungumzia tarakimu, hamjagusa mkoba, na mkoba ndiyo raha yenyewe. Mimi nilipenda zaidi vitabu-mchezo vya Lone Wolf vya Joe Dever, vilivyoanza 1984. Kule begi la mgongoni linabeba vitu 8, silaha ni 2, mfuko wa kiunoni mwisho sarafu 50. Karatasi yake ina nafasi hizohizo. Hakuna anayehitaji kurudi kwenye kanuni kuuliza kama anaweza kuongeza kamba: nafasi ikijaa, karatasi yenyewe imekataa. Na mlo nao unachukua nafasi, hivyo kila ukipakia chakula unaacha kitu kingine. Fighting Fantasy huachia eneo wazi la vifaa, watu wanarundika upanga, taa, funguo tano na kiatu cha mchawi.

Kwa hiyo mchoraji, amua kwanza shujaa wako anabeba vingapi, kisha chora mkoba wenye mifuko mingapi hiyo. Mkoba wa ukili, kwa mfano, kila mfuko na mstari wake wa kuandikia. Hapo mchoro unafanya kazi, haupambi tu.

Lamineti mimi siiafiki. Kiganja kinapita juu ya maka na neno la siri ulilopewa aya ya 30 limeondoka. Kwa Nguvu inafaa, kwa kumbukumbu haifai hata kidogo. Labda kama mapambano tu ndiyo yanakaa kwenye kadi, na kila kitu kingine kwenye karatasi.

fundi_stesheneri
Nasoma nacheka, maana nyinyi mnachora na sisi ndio tunaolaumiwa kopi ikitoka mbaya. Mashine nyingi haziprinti hadi ukingoni kabisa, kuna milimita nne au tano zinabaki nyeupe. Bi Penseli, vipimo vyako vya klipu vichorwe virefu kuelekea ndani, vikianzia pembeni kabisa vitakatwa vichwa. Klipu nayo inafunika kidogo, tarakimu ziwe ndani zaidi ya mistari.

Chora kwenye A3 tukupunguzie iwe A4, asilimia 71. Makosa madogo ya mkono yanapungua, ila na mistari inakonda: kalamu ya 0.3 inabaki 0.2 na kwenye kopi ya kopi inakatikakatika. Tumia 0.5 kwenda juu kwa fremu. Kivuli cha penseli kisugue kwingine, kwenye fotokopi kinakuwa doa. Weka mistari ya wino iliyokaribiana. Rasimu chora kwa penseli ya samawati hafifu, mara nyingi mashine haiioni. Na pale pa kuandikia paache peupe kabisa. Kuna mteja aliweka mawimbi chini ya kila kisanduku, yakapendeza, hakuna aliyeweza kusoma alichoandika.

mchoraji_chumbageni
Aisee, mmenipa kazi. Kijitabu kimeshinda basi, na mkoba wa ukili nauchukua, mifuko minane. Ila joka langu jamani? Jalada la A5 ni dogo kwake.

bi_penseli_msa
Joka si ni refu? Mlaze ukingoni. Magamba ya mgongo ndiyo vipimo vya Nguvu, 24, kichwa juu kabisa, ncha ya mkia ndiyo sifuri. Kila gamba la tano litie wino mweusi ili jicho lihesabu haraka.

DaduSita
Wazo tamu, lakini joka likijipinda klipu itaonyesha wapi? Magamba yanakuwa makubwa kifuani na madogo mkiani, mtu ataweka 6 akidhani ni 7. Mgongo uwe mstari wa rula, milimita 8 kwa 8. Ajipinde tumboni na miguuni huko ndani anakotaka.

bi_penseli_msa
Gamba dogo mkiani lina maana yake, mchezaji anaona hali imekuwa mbaya.

DaduSita
Hali akiwa na 2 ataiona tu, dada. Asikosee hesabu ndilo la msingi.

kobe_wa_mapango
Chora yote mawili, mpe kila moja mtoto wa darasa la sita na dadu, wewe kaa kimya. Pale atakapouliza "hapa naandika nini?" ndipo pa kurekebisha.

mchoraji_chumbageni
Nitaanza na mgongo wa rula, niujaribu kwa wapwa zangu. Fundi, A3 nikiileta Jumamosi unaweza kunitolea kopi mbili za majaribio, moja kwenye gramu 80 na nyingine kwenye manila nyembamba?

fundi_stesheneri
Lete. Usiikunje njiani, iviringe, mkunjo unatoka kwenye kopi kama mstari mweusi. Manila ikikunjwa inapasuka wino kwenye mkunjo wa kijitabu, kwa hiyo usipitishe mchoro wowote pale katikati.