Msiniulize tena kama mimi ni Simba au Yanga, mimi ni Ushirika ya Moshi na nimechoka kuchekwa

Wakuu acha nilitoe hili maana limenikaa kooni tangu Jumamosi. Niko banda la mpira hapa Pasua, mechi ya watani inakaribia kuanza, kijana mmoja anapita anachukua hela ya kiingilio ananiuliza mzee uko upande gani. Nikamwambia mimi Ushirika, timu yetu ya zamani ya hapa Moshi. Akawageukia wenzake, "oyaa huyu mzee anashabikia chuo!" Banda zima likaangua kicheko.

Chuo, kisa hapa mjini kuna Chuo Kikuu cha Ushirika! Mtoto amezaliwa Moshi, amekulia Moshi, anapita pale uwanja wa Ushirika kila siku ya Mungu, na hajui kwamba hilo jina liliwahi kuvaliwa kifuani na wanaume wa mji huu. Kwake ule uwanja ni wa marathon, wazungu wanakuja wanakimbia wanapewa medali wanaenda mlimani basi. Na yeye simlaumu kivile, nani angemwambia? Hasira zangu ziko kwetu sisi wakubwa tuliokuwepo tukanyamaza.

Mimi nimetoka Kibosho. Miaka ile baba alikua ananishusha mjini kwa mguu, tunatoka asubuhi na ndizi za kuchoma kwenye kikapu ili saa kumi tuwe tumeshakaa, na kurudi ni kupanda mlima usiku miguu inawaka na hakuna aliyelalamika. Siku ambayo hatukushuka tulikua tunabanana kwenye redio ya jirani, Radio Tanzania, matokeo ya ligi daraja la kwanza (vijana, enzi hizo ndo ilikua ligi ya juu kabisa), unasikia Pamba ya Mwanza, Majimaji ya Songea, Tukuyu Stars, Coastal ya Tanga, Reli ya Morogoro, alafu unasikia Ushirika ya Moshi. Yani mji wetu unatajwa nchi nzima inasikia! Baba alikua ananyanyua mkono watu wote wakae kimya.

Sasa niambieni, Pamba walishuka wakakaa huko chini zaidi ya miaka 20, watu wa Mwanza hawakukubali, halmashauri ya jiji ikaibeba na 2024 wamerudi Ligi Kuu wanaitwa Pamba Jiji. Sisi tumefanya nini? Kila Desemba barabara ya kutoka Dar inajaa magari ya Wachaga, nyumba za ghorofa zinafunguliwa wiki 2, mbuzi wanachinjwa, mbege inamwagika, harusi moja inachangiwa hela ambayo ingelisha timu msimu mzima, na ukimgusia mtu habari ya timu anakwambia mangi mpira haulipi. Haya, na hiyo jezi ya Yanga uliyovaa inakulipa shilingi ngapi?

Na msije hapa kuniambia Polisi Tanzania. Wale niliwashangilia kwa moyo wote, walivyopanda 2019 wakaja kuchezea pale pale Ushirika sikua nakosa, mpaka wanashuka 2023 nilikuwepo. Ila ile ni timu ya polisi, wakubwa wakiamua iende mkoa mwingine itaenda na sisi hatuulizwi. Na akija Simba au Yanga mji mzima unageuka mwekundu au njano, timu inayoishi hapa hapa inabaki na sisi wachache tuliokaa upande wa jua. Iliniuma sana ile, inaniuma mpaka leo.

Kilichonifanya niandike hasa ni hiki. Ukutani kwangu sebuleni kuna picha ya Ushirika, baba aliniachia, kikosi kizima, sita wamesimama watano wamechuchumaa, imeanza kuliwa na unyevu kwenye kona. Kati ya wale 11 najua majina ya saba. Nimeenda ofisi moja hapa mjini inayohusika na michezo kuulizia kama wana kumbukumbu yoyote, orodha ya wachezaji, picha, hata karatasi ya usajili, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Nikarudi, barua haionekani, nikaandika nyingine. Mara ya tatu dada wa mapokezi akaniambia mzee vitu vya zamani vilitolewa tulipohama chumba. Vilitolewa vikaenda wapi? Hajui. Jina la mtu aliyevunjika mguu akiichezea Moshi limeenda na taka na hakuna anayeshtuka!

Mzee wa Majengo aliyekua ananitajia majina nilimzika mwaka jana. Nilikua nimepanga kwenda na picha kwake nikachelewa.

Kwa hiyo kama una babu, mjomba, baba mdogo aliyekua anaingia uwanjani enzi hizo, mpigie leo sio kesho. Picha naiweka hapo chini. Ninaowatafuta ni golikipa, wawili wa mwisho kulia waliosimama, na yule mfupi aliyechuchumaa katikati ameshika mpira.