Kishikwambi cha mwalimu: inchi 8 chenye laini au inchi 10 cha Wi-Fi tu?

Mwalimu wa Sironko ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Sironko, upande huu wa Mlima Elgon. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, vipindi vyangu vimeongezeka na vitabu vimebaki vilevile, hivyo nyenzo zangu nyingi ni mafaili ya PDF ambayo ninayasomea kwenye simu, nikiusogeza kila ukurasa kushoto na kulia mpaka macho yananiuma. Nimejiwekea shilingi 750,000 ninunue kishikwambi cha kusomea, kuandikia maandalio ya somo, na kurekodia wanafunzi wanaposoma kwa sauti ili wajisikie wenyewe.

Muuzaji mmoja mjini Mbale amenionyesha viwili. Cha kwanza ni cha inchi 8, kina nafasi ya laini ya simu na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Cha pili ni cha inchi 10, ni cha Wi-Fi tu, na boksi lake limeandikwa RAM ya GB 12 na hifadhi ya GB 512, ilhali bei yake iko chini kuliko ya kile kidogo. Binti yangu ananisihi nichukue kikubwa. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara, na kosa la kununua kifaa kibovu sitaweza kulirekebisha kabla ya mwaka kwisha. Naomba ushauri wa wanaovijua vifaa hivi.

Fundi wa Jinja amejibu:

Mwalimu, pole na kazi. Naanza na lile boksi, kwa sababu vifaa vya namna hiyo huletwa mezani kwangu karibu kila wiki, na wenyewe huwa wameshalipa.

Hizo GB 12 zina maelezo mawili. Watengenezaji wengi siku hizi hujumlisha RAM halisi na sehemu ya hifadhi inayoazimwa kufanya kazi ya RAM, hivyo 12 inaweza kuwa 4 za kweli na 8 za kuazima, na hifadhi haiwezi kwenda kwa kasi ya RAM hata siku moja. Hapo ukisoma maandishi madogo ubavuni mwa boksi utauona ukweli. Aina ya pili ndiyo ninayokuogopea: vifaa ambavyo mfumo wake umechezewa ili hata ukurasa wa mipangilio uandike uongo, ukutajie GB 512 wakati ndani mna 32, na toleo jipya la Android wakati mfumo ni wa zamani. Kifaa cha GB 512 kinachouzwa chini ya bei ya kidogo cha kawaida kinastahili kushukiwa hivyo.

Usiiamini mipangilio peke yake. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia kwenye mipangilio kisha sehemu ya maelezo kuihusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google wenyewe. Baada ya hapo nakili humo mafaili makubwa ya video mpaka yapite GB 40, zima kifaa, kiwashe tena, kisha ufungue yale ya mwisho kuingia. Hifadhi ya uongo hupokea kila unachoipa lakini hairudishi. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na muuzaji asiyekuruhusu kukaa dukani kwake muda huo amekwisha kukujibu.

Kwa kazi ulizozitaja, RAM ya GB 4 halisi na hifadhi ya GB 64 vinatosha, mradi kuwe na tundu la memori kadi. Sauti haili nafasi kubwa: rekodi ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo darasa zima likisoma saa nzima hutumii hata MB 60. Jambo la kuuliza kwa msisitizo ni masasisho ya usalama yataendelea mpaka mwaka gani.

Ukishawishika kununua kilichotumika, mwambie mwenyewe aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, kisha kifutwe na kuwashwa upya mkiwa pamoja. Akaunti ya Google iliyobaki ndani hufunga kifaa kabisa, na sisi mafundi waaminifu hatuifungui, kwa kuwa hatujui kama kifaa hakikuibwa.

Mpanga Kurasa, Kampala, amejibu:

Niliyepanga kurasa za vitabu kwa miaka mingi naomba kulijibu suala la inchi, maana linahesabika.

Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 10.1 chenye umbo la kawaida la 16 kwa 10, ukikishika wima, kina upana wa sentimita 13.6, na cha inchi 8 kina 10.8. Maana yake herufi ya pointi 12 itaonekana kama ya karibu pointi 8 kwenye kile kikubwa, na kama ya pointi 6 kwenye kile kidogo, ambayo ni herufi ya maandishi yaliyo nyuma ya pakiti ya dawa. Lakini programu kadhaa za kusomea PDF zina uwezo wa kukata pambizo. Ikiwa ukurasa wako una pambizo ya sentimita 2.5 kila upande, maandishi yenyewe yana upana wa sentimita 16 tu, na ukizikata, herufi zile hupanda hadi pointi 10 kwenye inchi 10 na pointi 8 kwenye inchi 8. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuwezesha kusoma saa mbili bila kuumwa kichwa. Kukilaza kioo pia kunasaidia, ila utaona chini ya nusu ya ukurasa kwa mara moja.

Angalia pia wingi wa nukta, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha kwenye kioo. Kioo cha inchi 10.1 chenye nukta 1280 kwa 800 kina nukta 149 kwa kila inchi, na herufi ndogo huwa na kingo zenye ukungu. Chenye 1920 kwa 1200 kina 224, na macho yako yatakushukuru. Namuunga mkono binti kuhusu ukubwa, ingawa si kuhusu kifaa kile.

Karani wa Sensa, Arua, amejibu:

Nilikuwa miongoni mwa waliozunguka na vishikwambi katika sensa ya Mei 2024, ambayo ndiyo ya kwanza nchini mwetu kufanywa kwa njia hiyo. Nilijifunza kwamba mwangaza wa kioo ndio unaomaliza chaji kabla ya kitu kingine chochote. Siku ya kwanza niliuacha juu kabisa kwa ajili ya jua, na saa nane mchana nikawa nimezimikiwa nikiwa mbali na umeme. Tangu siku hiyo nikawa natafuta kivuli cha mwembe kwanza, ndipo nikiwashe.

Pawabanki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) haitakupa 10,000 zote, kwa sababu kipimo hicho ni cha volti 3.7 na chaja hutoa volti 5, na nyingine hupotea kama joto. Kwa kishikwambi chenye betri ya mAh 7,000, itegemee mara moja tu.

Kuhusu laini, mimi ningeitaka. Ukitegemea hospoti ya simu, usiku wa kukatika umeme utamaliza betri mbili badala ya moja, na simu ndiyo yenye pesa zako. Ila baadhi ya vishikwambi vyenye laini hupokea data pekee bila menyu za kutuma pesa, kwa hiyo jaribu kuzifungua kabla ya kulipa.

Mama wa Masaka amejibu:

Mwalimu, kuandika maandalio marefu kwa kidole juu ya kioo ni mateso. Tenga fedha ya kibodi ndogo ya Bluetooth, au utarudi kwenye karatasi baada ya mwezi mmoja.

Mwalimu wa Sironko amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana niliporudi kwa muuzaji kumwomba nafasi ya kunakili zile GB 40, alikataa, akasema boksi likishafunguliwa haliuziki. Nimeviacha vyote viwili. Natafuta sasa cha inchi 10 chenye nafasi ya laini na nukta 1920 kwa 1200, hata kama itanibidi nisubiri mshahara wa mwezi ujao ili niongezee na ile kibodi. Mpanga Kurasa, nimejaribu kukata pambizo kwenye simu yangu hii hii tangu jana usiku, na kwa mara ya kwanza nimesoma sura nzima bila kuusogeza ukurasa pembeni. Je, ukataji huo unafaa pia kwa kurasa zilizopigwa picha na kugeuzwa PDF, ambazo pambizo zake zimepinda?

Mpanga Kurasa, Kampala, amejibu:

Unafaa, ila chagua kukata kwa mkono badala ya kuiachia programu. Pima kwa ukurasa uliopinda zaidi, uache nafasi ya ziada kidogo kila upande, kisha utumie kipimo hicho kwa faili zima.