Moshi wa kulehemu: je, feni ndogo ya mezani inatosha?

Swali: Ndugu mafundi, kila meza yetu ya kulehemu ina feni ndogo yenye sponji ya mkaa, na lehemu tunayotumia haina madini ya risasi, lakini wenzetu wawili bado wanakohoa kila jioni. Tatizo ni nini?

Jibu la 1: Risasi haigeuki mvuke kwa wingi katika nyuzi joto 350, huingia mwilini zaidi kupitia mikono isiyooshwa. Moshi mnaouona hutokana na flaksi (dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike), hasa ya utomvu wa msonobari, ambayo husababisha pumu ya kazini, na mtu akishapata mzio huo, hata moshi kidogo humsumbua. Hao wawili wamwone daktari.

Jibu la 2: Sponji hiyo haikamati chembe ndogo, kwa kweli humpelekea jirani moshi. Wekeni bomba la kunyonya, mdomo wake ukiwa sentimita chache tu kutoka kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, kwani nguvu ya kuvuta hupungua haraka mno umbali unapoongezeka, kisha hewa itolewe nje au ipitie machujio ya chembe na ya kaboni.

Muulizaji: Tutajuaje kwamba chujio limechoka?

Jibu la 2: La chembe likiziba, mvuto hupungua, la kaboni likijaa, harufu hurudi ingawa moshi hauonekani.