Kupima upotoshaji wa sauti wa spika: kosa ni la spika au la chumba?

Mpenda Besi
Habari zenu wataalamu. Nina spika ya inchi 8 ndani ya kasha lililofungwa kabisa. Nimeipima sebuleni kwa REW, programu ya kompyuta ya kupima sauti, maikrofoni ikiwa umbali wa mita 1, na upotoshaji unakaribia asilimia 10 kwenye hezi 40, ilhali kwenye hezi 1,000 haufiki asilimia 1. Nitatambuaje kama tatizo ni la spika, la amplifaya au la chumba?

Fundi Koili
Ndugu, chumba hakizalishi harmoniki (sauti za ziada zenye masafa mara 2, mara 3 na kuendelea ya sauti ya asili, ambazo ndizo upotoshaji unaoupima), ila hukuza masafa fulani na kufifisha mengine. Ikiwa hapo ulipoweka maikrofoni hezi 40 zimefifia huku hezi 80, yaani harmoniki ya pili, zikikuzwa, asilimia itapanda ingawa spika haijabadilika hata kidogo. Isogeze maikrofoni hadi sentimita chache kutoka katikati ya koni (sehemu ya spika inayotikisika na kutoa sauti), ambapo sauti ya spika huizidi mno ile inayorudishwa na kuta. Volti zinazoingia kwenye spika zibaki zile zile, kwa sababu ukipunguza sauti utakuwa unapima hali nyingine kabisa. Maikrofoni ikilemewa, irudishe nyuma kidogo.

Msikilizaji
Naunga mkono, kwa sharti kwamba kasha limefungwa. Lingekuwa na tundu la hewa, karibu na masafa ambayo tundu hilo limepangiwa koni husogea kidogo sana, na kipimo cha karibu na koni kingetoa asilimia kubwa isiyo na maana.
Kuhusu amplifaya, rudia kipimo kwa amplifaya nyingine yenye nguvu zaidi, kwa volti zile zile. Matokeo yakilingana, amplifaya si tatizo.

Fundi Koili
Naongeza jambo ambalo kwangu ni muhimu kuliko asilimia ya jumla: tazama kila harmoniki peke yake. Ya pili ikitawala, mara nyingi koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) haijakaa katikati ya uga wa sumaku. Ya tatu ikitawala, koni inafikia mwisho wa mwendo wake pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba, kwa ukubwa ule ule wa sauti, hezi 40 huidai koni mwendo mara 4 ya ule wa hezi 80.

Mpenda Besi
Nashukuru. Nitapima upya karibu na koni, kisha nitaweka hapa grafu ya harmoniki ya pili na ya tatu.