Naomba ushauri: epoksi yenye unga wa alumini, joto litapita kiasi gani?

Wadau, salaam kutoka Lamu. Natengeneza taa za LED za mashua za kuvulia usiku. Nyuma ya kibao cha taa namimina epoksi (gundi ya plastiki inayoganda ngumu) kuzuia maji ya chumvi, ila taa zinachemka. Juzi epoksi moja imegeuka rangi ya strungi. Sasa nachanganya unga wa alumini. Epoksi tupu hupitisha joto kama 0.2 W/mK (kipimo cha upitishaji joto), alumini zaidi ya 200. Kwa kanuni ya Maxwell (ya kukadiria upitishaji joto wa mchanganyiko), unga asilimia 30 ya ujazo (si uzito, hapo nilishajikwaa) wanipa 0.46 tu! Nikifika 50, rojo lawa zito kama uji wa mtama, viputo havitoki, na Maxwell haiaminiki chembe zikigusana. Je, nihamie kanuni ya Lewis-Nielsen, inayohesabu pia umbo na msongamano wa chembe? Kikomo cha msongamano (sehemu kubwa kabisa ya ujazo ambayo chembe zaweza kujaza) niweke 0.64, ilhali chembe zangu si za duara?